Zamu na Wakati: Mtoto Mchanga, Usonji na Msaada wa Mapema

Msimulizi wa hadithi anapoanza husema "Paukwa!" na wasikilizaji wakaitikia "Pakawa!" Watoto wengi hulijua jambo hili kabla hawajajua kusoma. Lakini na tulitazame kwa jicho la sayansi. Msimulizi akitamka neno lake, kisha watu wakanyamaza kwa sekunde tatu, hadithi huwa imekwisha kuharibika kabla ya kuanza. Wakiitikia kabla hajamaliza kutamka, pia huharibika. Kinachoifanya hadithi ianze vyema si maneno peke yake, bali ni maneno hayo kuja kwa wakati wake. Ndivyo ilivyo kwa "Hodi" na "Karibu", na kwa "Shikamoo" na "Marahaba".

Katika makala haya tutaeleza aina mbili za wakati. Ya kwanza ni wakati mfupi sana, upimwao kwa sehemu za sekunde, ambao huwawezesha watu wawili kupokezana zamu katika mazungumzo. Ya pili ni wakati mrefu, upimwao kwa miezi na miaka, ambamo ubongo wa mtoto hukua na kujijenga. Aina hizi mbili hukutana katika hali iitwayo usonji, ambayo wengine huiita tawahudi. Msomaji ataona kwamba mtoto mwenye usonji anahitaji kusaidiwa mapema katika umri wake, na kwamba anayemsaidia hutakiwa kupunguza haraka kila anapokaa naye.

SEHEMU MOJA YA TANO YA SEKUNDE

Mwaka 2009 mtaalamu wa lugha Tanya Stivers na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti juu ya lugha kumi za sehemu mbalimbali za dunia, ikiwamo moja ya Namibia. Walipima muda unaopita baina ya mwisho wa swali la ndiyo au siyo na mwanzo wa jibu lake. Wastani kwa lugha zote ulikuwa karibu milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Wajapani walijibu upesi kuliko wote na Wadenmark walikawia kuliko wote, lakini hata hao hawakuachana na wastani kwa zaidi ya takriban robo ya sekunde. Kwa hiyo desturi za watu hutofautiana, ila mwendo wa kupokezana zamu karibu ni mmoja.

Hapa pana fumbo. Majaribio mengine yameonyesha kwamba mtu akionyeshwa picha ya kitu na kutakiwa akitaje, ubongo wake huhitaji karibu milisekunde 600 kabla ya sauti kutoka. Yawezekanaje basi jibu lianze baada ya milisekunde 200 tu? Jawabu ni kwamba msikilizaji hangoji mwenzake amalize. Anapokuwa bado anasikiliza, huwa anakadiria neno la mwisho litafika lini, na huku akiliandaa jibu lake. Afanya kama mchezaji hodari wa mpira, ambaye haukimbilii mpira pale ulipo, bali pale utakapoangukia. Mazungumzo ya kawaida, ambayo sisi huyaona mepesi, ni kazi ya kukadiria wakati inayofanywa mara mamia kwa siku bila sisi kujua.

MAZUNGUMZO KABLA YA MANENO

Ustadi huu huanza lini? Katika miaka ya 1970 wanasayansi kadhaa walianza kupiga filamu za mama na watoto wachanga, kisha wakazichungua filamu hizo kwa utaratibu. Mary Catherine Bateson aliwatazama watoto wenye umri wa miezi miwili hivi hadi mitatu na nusu, akaona kwamba mama na mtoto hupeana nafasi: mama hutoa sauti, hunyamaza, mtoto hutoa yake, hunyamaza, na mama huendelea. Aliyaita hayo mazungumzo ya awali. Colwyn Trevarthen wa Chuo Kikuu cha Edinburgh naye alieleza jinsi mtoto wa miezi miwili anavyotumia macho, midomo na mikono katika mazungumzo ya aina hiyo.

Je, mtoto mchanga anautambua kweli wakati, au anafurahia tu sura ya mama yake? Mwaka 1978 Edward Tronick na wenzake walichapisha jaribio ambamo mama alicheza na mtoto wake, kisha akaufanya uso wake uwe mkavu pasipo kuitikia lolote. Mtoto alijaribu kumrudisha mama mchezoni kwa tabasamu na sauti, na aliposhindwa akageuka pembeni kwa huzuni. Lakini jaribio hili halikutosha kulijibu swali letu, kwa kuwa vilivyoondolewa ni vitu viwili kwa pamoja: tabasamu la mama, na kuitikia kwake kwa wakati.

Lynne Murray na Trevarthen walivitenga vitu hivyo viwili katika jaribio lililochapishwa mwaka 1985. Mama na mtoto waliwekwa mbalimbali, wakaonana na kusikizana kwa njia ya televisheni. Kwanza walizungumza moja kwa moja, na mtoto alifurahi. Kisha mtoto alionyeshwa tena kipande kilekile cha mama yake kilichokuwa kimekwisha kunaswa. Uso ulikuwa ule ule, tabasamu lile lile, sauti ile ile. Kilichobadilika ni kimoja tu: mama wa kwenye mkanda hakuwa akiitikia vitendo vya mtoto vya wakati ule. Watoto walifadhaika na kutazama pembeni. Watoto waliopimwa walikuwa wachache, lakini watafiti wengine waliorudia jaribio la namna hiyo baadaye wamepata matokeo yanayoelekea huko. Wanafunzi wa sayansi wauangalie vizuri mpango wa jaribio hili, kwani lilibadilisha jambo moja na kuyaacha mengine yote yalivyokuwa.

Hata hivyo, si kila dai la miaka ile lililosimama. Mwaka 1974 William Condon na Louis Sander walitangaza kwamba mtoto aliyezaliwa karibuni huvisogeza viungo vyake sawasawa na mwendo wa maneno ya mtu mzima. Dai hilo lilivutia watu wengi, lakini wengine walipolipima kwa uangalifu zaidi hawakulithibitisha. Ni wajibu wa sayansi kurudia vipimo vyake.

USONJI NI NINI?

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 ambao tangu utotoni walionekana kuishi katika dunia yao wenyewe, wakipenda mambo yawe yale yale kila siku. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna alieleza watoto wanaofanana na hao kwa mambo mengi. Lakini kabla yao, mwaka 1925, daktari mwanamke wa Kirusi, Grunya Sukhareva, alikuwa amekwisha kuchapisha maelezo ya wavulana sita wa namna hiyo, ingawa kazi yake ilisahauliwa kwa muda mrefu.

Leo usonji hutambuliwa kwa mambo ya namna mbili. Kwanza, mtoto hupata ugumu katika kuwasiliana na kushirikiana na watu: kutazamana, kuonyeshana vitu, kupokezana zamu. Pili, hurudiarudia vitendo fulani, hushikilia utaratibu usiobadilika, hupenda kitu fulani kupita kiasi, au huhisi sauti, mwanga na mguso kwa namna isiyo ya kawaida. Wapo wasiosema kabisa, na wapo wasemao kwa ufasaha; wapo wenye udhaifu wa akili, na wapo wenye akili nyingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka 2021 karibu mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji.

Kuhusu chanzo chake, watu wamekosea vibaya, na makosa hayo yamewaumiza wengi. Kwa miaka mingi katika Ulaya na Marekani mama walilaumiwa kwamba ubaridi wa mioyo yao ndio uliowafanya watoto wajifungie. Bruno Bettelheim aliieneza fikra hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1967, ingawa Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa ameipinga kwa hoja za kisayansi tangu mwaka 1964. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha. Miongoni mwa mapacha wa kufanana kabisa, ambao hurithi vinasaba vilivyo sawa, ilitokea katika zaidi ya theluthi ya jozi kwamba wote wawili walikuwa na usonji; miongoni mwa mapacha wasiofanana haikutokea hata jozi moja. Tangu hapo uchunguzi mwingi umethibitisha kwamba urithi una nguvu kubwa katika jambo hili, na kwamba vinasaba vinavyohusika ni vingi.

Kosa jingine lilihusu chanjo. Mwaka 1998 Andrew Wakefield na wenzake walichapisha makala yaliyowafanya watu wahofu chanjo ya surua. Uchunguzi wa watoto wengi katika nchi mbalimbali haukuona uhusiano wowote, na jarida lililoyachapisha makala hayo liliyafuta mwaka 2010. Hapa kwetu hofu ni za namna nyingine. Watafiti waliozungumza na wazazi na wataalamu katika pwani ya Kenya, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015, walisikia usonji ukihusishwa na mapepo, uchawi na laana, licha ya sababu za kitabibu. Lawama ya Ulaya na lawama ya kwetu hazifanani kwa sura, lakini huzaa tunda moja: mzazi huona haya, mtoto hufichwa ndani, na miezi ya thamani hupita.

WAKATI UNAPOSHIKA NJIA NYINGINE

Mwaka 1994 Julie Osterling na Geraldine Dawson walichunguza filamu za nyumbani za sherehe ya kutimiza mwaka mmoja. Walikuwa na filamu za watoto 11 ambao baadaye waligunduliwa kuwa na usonji, na za watoto 11 wengine. Tofauti ilionekana tayari katika sherehe hizo. Watoto wa kundi la kwanza waliwatazama watu mara chache zaidi, walionyesha vitu na kuvielekeza kwa kidole mara chache zaidi, na hawakugeuka sana walipoitwa majina yao. Mambo yote hayo ni zamu ambazo mtoto hupewa au hutoa.

Warren Jones na Ami Klin walirudi nyuma zaidi. Waliwafuata watoto 110 tangu umri wa miezi miwili, wengi wao wakiwa na ndugu wakubwa wenye usonji, kwa kuwa mtoto wa namna hiyo ana uwezekano wa karibu mmoja katika tano wa kuwa na usonji naye. Kwa chombo kinachofuata mwendo wa jicho walipima jinsi kila mtoto alivyoyatazama macho ya mlezi katika filamu. Matokeo yao ya mwaka 2013 yalikuwa ya ajabu: watoto ambao baadaye walipatikana na usonji hapo mwanzo waliyatazama macho kama wenzao, ila baina ya mwezi wa pili na wa sita kutazama huko kulianza kupungua kidogo kidogo.

Basi mtoto huyo huvutwa na nini? Klin na wenzake walipata dokezo katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009. Watoto wa umri wa miaka miwili hivi walionyeshwa picha za vitone vya mwanga vinavyokwenda kama viungo vya mtu anayecheza. Upande mmoja vitone vilikuwa wima; upande mwingine viligeuzwa kichwa chini na kurudishwa kinyumenyume. Watoto wengi waliutazama upande wa mtu aliye wima. Wenye usonji hawakupendelea upande wowote, isipokuwa katika mchezo mmoja wa kupiga makofi. Hapo mmoja wao aliutazama upande wa wima karibu wakati wote. Watafiti walipotafakari, waligundua kwamba katika upande ule vitone viligongana sawasawa na mlio wa kofi. Kilichomvuta mtoto si mtu, bali ni mlio na mwendo kutukia kwa wakati mmoja. Walipoyapima hayo katika michezo mingine, yakathibitika.

Wanasayansi wengine, akiwamo György Gergely, wametoa dhana inayopatana na hayo. Mtoto mchanga kwanza hupenda mambo yanayofuatana barabara bila kukosea, kama mguu wake unavyokwenda kila anapoutaka uende. Baada ya miezi mitatu hivi watoto wengi huanza kupenda mambo yanayofuatana karibu sawa, lakini si sawa kabisa, na hivyo ndivyo wanadamu wanavyoitikiana. Huenda mtoto mwenye usonji huendelea kuvutwa na yale yanayofuatana barabara: gurudumu linalozunguka, mlango unaofunguka na kufunga. Hiyo ni dhana tu, lakini inatufundisha kutomdhania mtoto huyo kuwa hana shauku. Shauku anayo, na imeelekea kwingine.

Tena hitilafu haiko upande mmoja. Damian Milton, mtaalamu ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba watu wawili wanapokosa kuelewana, wote wawili wamekosa. Mtu mzima anayeongea haraka asingoje jibu la mtoto anayehitaji sekunde tano, naye ameshindwa kupokezana zamu.

KWA NINI MAPEMA?

Mtoto anapozaliwa ubongo wake huwa na uzito wa gramu 350 hadi 400. Akifikia umri wa miaka miwili, umekwisha kufikia karibu asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Katika muda huo viungo vya mawasiliano baina ya seli za ubongo huzaliwa kwa wingi mno. Vinavyotumiwa huimarika na visivyotumiwa hupogolewa, kama mkulima apogoavyo mkahawa wake. Kwa hiyo yale mtoto anayoyapitia mara kwa mara yanashiriki katika kuujenga ubongo wenyewe.

Sasa na tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme mtoto yu macho kwa saa kumi kila siku, na kwamba kila saa anakosa zamu 20 ambazo mwenzake anazipata. Kwa siku atakuwa amekosa zamu 200, na kwa mwaka 73,000. Kila zamu ilikuwa nafasi ya kusikia neno, kusoma uso wa mtu, au kujua kwamba sauti yake inaleta jibu. Zaidi ya hayo, mzazi asiyepata jibu huchoka akanyamaza, au huzidisha maneno kwa wasiwasi; na katika hali zote mbili nafasi ya mtoto hupungua tena. Hivyo tofauti ndogo ya mwanzo huweza kukua mwezi kwa mwezi pasipo kosa la mtu yeyote. Kusaidia mapema ni kuukata mnyororo huu ungali mfupi. Haina maana kwamba baadaye mlango hufungwa, kwani mtoto wa miaka kumi hujifunza, na mtu mzima pia. Ila mwendo wake huwa wa gharama zaidi.

MAJARIBIO YA KUSAIDIA

Mwaka 1987 Ivar Lovaas wa Marekani alitangaza kwamba katika watoto 19 waliofundishwa kwa saa 40 kila wiki kwa miaka miwili au zaidi, 9 waliweza kuingia shule ya kawaida wakiwa na akili ya kiwango cha kawaida. Tangazo hilo liliamsha matumaini makubwa, na pia lawama. Watoto hawakugawanywa kwa kura, na mbinu zake zilikuwa pamoja na adhabu, jambo ambalo watu wenye usonji wenyewe wamelilalamikia sana.

Njia zilizofuata zilielekea mchezo. Mwaka 2010 Geraldine Dawson, Sally Rogers na wenzao walichapisha jaribio la watoto 48 wenye umri wa miezi 18 hadi 30, waliogawanywa kwa kura. Kundi moja lilipata kwa miaka miwili mafunzo yaliyotiwa ndani ya michezo na shughuli za kila siku. Kundi hilo liliongeza wastani wa alama 17.6 katika kipimo cha akili, na kundi jingine alama 7.0.

Mwaka huo huo Jonathan Green na wenzake wa Uingereza walichapisha jaribio lililolenga moja kwa moja jambo la wakati. Watoto walikuwa 152. Aliyefundishwa hakuwa mtoto, bali mzazi. Mzazi na mtoto walipigwa filamu wakicheza, kisha mzazi na mtaalamu wakaitazama pamoja wakitafuta zile nukta ambazo mtoto alitoa dalili ndogo, na jinsi mzazi alivyoipokea. Wazazi walibadilika sana: maneno yao yalianza kuyafuata yale ambayo mtoto alikuwa akiyafanya. Dalili za usonji zenyewe hazikupungua kwa kiasi cha kuthibitika mwishoni mwa mafunzo. Lakini watoto walipopimwa tena karibu miaka sita baadaye, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba hali ya waliosaidiwa ilikuwa nafuu kuliko ya wenzao.

Je, njia hii ni ya nchi tajiri tu? Mwaka 2016 Atif Rahman na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan, kwa watoto 65. Waliowafundisha wazazi hawakuwa madaktari bingwa, bali wahudumu wa kawaida waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Wazazi waliweza kuwafuata watoto vizuri zaidi, na watoto wakaanzisha mawasiliano mara nyingi zaidi, ingawa si kila kipimo kilichopanda. Jaribio hili lina maana kubwa kwa nchi zetu, ambako wataalamu ni wachache na wengi wao wako mijini.

Mwisho, Andrew Whitehouse na wenzake wa Australia waliwasaidia wazazi wa watoto wa miezi 9 hadi 14 walioonyesha dalili za mapema. Matokeo ya mwaka 2021 yalikuwa kwamba katika umri wa miaka mitatu watoto 3 kati ya 45 waliosaidiwa walifikia kipimo cha usonji, ukilinganisha na 9 kati ya 44 wa kundi jingine. Hesabu hizi ni ndogo, na wengi wa watoto hao waliendelea kuwa na tofauti fulani katika kukua kwao. Hazithibitishi kwamba usonji unaponywa. Zinadokeza kwamba ulemavu unaotokana nao waweza kupungua.

NYUMBANI NA SHULENI

Kazi yenyewe ikoje? Tuseme mtoto ameketi mkekani akizungusha gurudumu la kigari cha waya. Mama akimnyang'anya na kumwambia "Nitazame! Sema gari!", amemtoa katika jambo analolijali. Akiketi mbele yake, akalitazama gurudumu pamoja naye na kusema "Linazunguka", kisha akanyamaza, amempa zamu. Mtoto akitupa jicho, akitoa sauti, hata akisita tu, mama huipokea dalili hiyo kama jibu, naye hujibu kwa neno moja au mawili. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote. Sekunde tano za kungoja huonekana ndefu kwa mtu aliyezoea milisekunde 200.

Dalili zinazopasa kumfanya mzazi atafute ushauri ni hizi: mtoto wa miezi 12 asiyegeuka aitwapo jina na asiyetoa sauti za kubwabwaja, wa miezi 14 asiyeonyesha kitu kwa kidole, wa miezi 16 asiye na neno hata moja, wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili kwa nia yake mwenyewe, na mtoto wa umri wowote anayepoteza maneno au uchangamfu aliokuwa nao. Dalili moja haitoshi kusema kwamba huu ni usonji. Jambo la kwanza ni kupimwa masikio, kwani mtoto asiyesikia naye hageuki. Lakini jibu la kuambiwa "mwache, atasema tu" lisikubaliwe kabla ya uchunguzi, wala mchezo wa kupeana zamu usingoje cheti cha daktari. Hauna gharama, wala haumdhuru mtoto yeyote.

Walimu nao wana somo lao hapa. Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi katika shule za Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu, wakiisha kuuliza swali, walingoja kwa wastani wa sekunde moja tu. Waliporefusha kungoja hadi sekunde tatu au zaidi, majibu yalikuwa marefu na yenye hoja, na wanafunzi waliokuwa kimya walianza kusema. Mwanafunzi mwenye usonji, ambaye huenda yumo darasani mwako bila kutambuliwa, aweza kuhitaji zaidi ya hapo. Swali liwe fupi, lisirudiwe kwa maneno mapya kabla hajajibu, na kutokutazama kwake usoni kusihesabiwe kuwa ukosefu wa adabu.

ZOEZI LA DARASA

Wanafunzi wawili warekodi mazungumzo yao ya dakika tatu kwa simu au kinasa sauti, kwa ridhaa ya wote. Kisha darasa lisikilize na kuhesabu ni mara ngapi zamu ilibadilika, na ni mara ngapi kimya kilizidi sekunde moja. Halafu wawili hao warudie mazungumzo, kila mmoja akihesabu moja hadi tano moyoni kabla ya kujibu. Waeleze walivyojisikia. Wengi wataona kwamba mwenzao alionekana kuwa amekasirika au hapendi kuzungumza, hali wanajua wazi kuwa sivyo. Hapo watakuwa wameelewa kwa nini mtoto anayekawia kuitikia hudhaniwa haraka kuwa ni mkaidi au mjinga, na ni dakika ngapi za subira zinazohitajika ili kuitengua dhana hiyo.

Katika kila kijiji wamo watoto ambao "Pakawa" yao huchelewa. Mwanafunzi asomaye makala haya huenda ana mdogo wake nyumbani wa namna hiyo. Na amweleze mama yake kwamba kosa si lake, ampeleke mtoto akapimwe, na jioni hii aketi naye mkekani, aseme neno moja, kisha angoje.